Gari likijikokota, kagua magurudumu kabla ya kufungua injini

MADEREVA wengi humu nchini wanaifahamu hali hii. Gari lililokuwa jepesi mwezi uliopita linaanza kuwa zito. Dereva anakanyaga mafuta kama ilivyo ada, lakini gari linajikokota mithili ya punda aliyeongezewa gunia juu ya mzigo wake. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya nne sasa unadai ya tatu, na kituo cha petroli kinatembelewa mapema kuliko siku zilizopita.

Aghalabu lawama ya kwanza huielekea injini. Mwenye gari hufululiza hadi kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au kwa fundi wa jua kali aliye karibu na mtaa wake, na kabla ya jioni amekwisha kununua plagi mpya, chujio la hewa na pengine pampu ya petroli. Siku ya pili gari ni lile lile, zito vile vile. Kilichopungua uzito ni mfuko wake tu.

Kosa hapo huwa ni kununua kabla ya kuchunguza. Gari linaweza kujikokota kwa sababu za aina tatu zisizohusiana. Huenda kuna kitu kinachoyashika magurudumu yasizunguke kwa uhuru. Huenda injini yenyewe haizalishi nguvu za kutosha. Au huenda injini ni nzima kabisa, ila nguvu zake zinapotelea njiani, katika klachi au giaboksi, kabla ya kuyafikia magurudumu. Dawa ya moja haiponyi nyingine.

Kati ya hizo tatu, ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi ilhali ndiyo yenye hatari kubwa. Injini dhaifu humchelewesha mtu safarini. Breki inayoshika yaweza kumwacha bila breki akiwa katikati ya mteremko.

Kuzitofautisha hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji barabara tambarare isiyo na magari mengi, na dakika chache. Dereva aendeshe hadi kilomita 40 kwa saa, kisha aweke gia huru, ile ambayo wengi huiita nyutro, na kuliacha gari liserereke lenyewe bila kugusa breki. Injini isizimwe hata kidogo. Ikizimwa, usukani na kanyagio la breki huwa vigumu ghafla, na ufunguo ukirudishwa nyuma mno usukani waweza kujifunga.

Gari lisilo na kasoro huserereka kwa masafa marefu, kasi ikipungua polepole. Lile linaloshikwa hupunguza mwendo kana kwamba kuna mtu ameanza kukanyaga breki, na kwenye hatua za mwisho husimama kwa mshtuko mdogo. Jaribio lirudiwe kwa kuelekea upande wa pili, kwani upepo, na hata mteremko mdogo usioonekana kwa macho, humdanganya dereva.

Likiwa linaserereka vyema, magurudumu hayana hatia. Likiwa haliserereki, injini iachwe ilivyo kwanza.

Joto hufichua gurudumu lenye kasoro

Kabla ya kuzilaumu breki, matairi yapimwe upepo. Tairi lenye upepo haba hubonyea kila linapozunguka, na kule kubonyea hula nguvu na kuzalisha joto. Kiwango kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilichoko katika fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta kwa baadhi ya magari. Nambari iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni upeo wa kile ambacho tairi linaweza kustahimili, wala si kile ambacho gari linahitaji. Wengi hujaza upepo kwa kuifuata nambari hiyo. Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla ya safari, kwa sababu upepo hutanuka tairi linapopata moto na kuonyesha kiasi kikubwa kuliko kilichomo.

Upepo ukiwa sawa, hatua inayofuata ni kuyatafuta magurudumu yenye moto. Gari liendeshwe kama kilomita 10 bila kutumia breki sana, kisha lisimamishwe taratibu. Dereva ashuke na kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likitoa joto jingi kuliko mwenzake wa upande wa pili, mhalifu amepatikana. La mbele lilinganishwe na la mbele, na la nyuma na la nyuma, kwa kuwa breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na ni kawaida yake kuwa na moto zaidi.

Diski isiguswe. Breki iliyoshika yaweza kuchubua ngozi papo hapo. Wala isimwagiwe maji, jambo ambalo baadhi ya madereva wa masafa marefu hulifanya wanapoona moshi ukifuka gurudumuni. Chuma chenye moto mkali kikipoa ghafla hupinda au hata kupasuka, na dereva huondoka hapo na tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Liachwe lipoe lenyewe.

Dalili nyingine huonekana kwa macho na kunuswa kwa pua: vumbi jeusi lililojaa kwenye rimu moja kuliko nyingine, harufu ya kuungua, au gari linalovuta upande mmoja hata barabara ikiwa sawa.

Baada ya hapo gari huinuliwa. Mawe au vigingi vitiwe kwenye magurudumu yanayobaki chini, na uzito wote uegemezwe kwenye stendi za chuma, si kwenye jeki pekee. Gia iwe huru na breki ya mkono iwe imeteremshwa. Gurudumu likizungushwa kwa mkono, mkwaruzo mwepesi wa pedi dhidi ya diski si kasoro. Ndivyo breki za diski zilivyo. Gurudumu linaloendeshwa na injini nalo huwa zito kidogo kwa sababu huzungusha na sehemu za giaboksi. Kasoro ni gurudumu linalohitaji mikono miwili, au lile linalozunguka kwa shida mara tu kanyagio la breki linapokanyagwa na kuachiliwa.

Hapa ndipo fundi stadi anapotengana na mbahatishaji. Mbahatishaji hutangaza mara moja kwamba pedi zimekwisha, au kwamba kalipa nzima inunuliwe. Fundi stadi huchukua spana ndogo na kuifungua skrubu ya kutolea hewa iliyo nyuma ya kalipa, gurudumu likiwa limeshikwa.

Mafuta ya breki yakifyatuka na gurudumu likaachiliwa hapo hapo, maana yake ni kwamba shinikizo lilikuwa limenaswa ndani ya paipu. Kalipa haina kosa. Mara nyingi, kama ni gurudumu moja tu, tatizo ni ule mpira unaounganisha paipu ya chuma na kalipa. Mpira huo huzeeka kwa ndani. Utando wake hubanduka na kuwa kama mlango wa upande mmoja: nguvu za mguu wa dereva husukuma mafuta yakapita, lakini yakitaka kurudi mlango hufunga. Kwa nje mpira waweza kuonekana mzima kabisa, na ndiyo sababu kalipa nyingi zisizo na kosa hung'olewa na kutupwa.

Yakiwa ni magurudumu yote mawili ya mbele, au yote manne, uchunguzi urudi kwenye masta silinda na kwenye kanyagio lenyewe. Kanyagio la breki linapaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Fundi akilikaza mno, labda alipokuwa akibadilisha swichi ya taa za breki, tundu la kurudishia mafuta katika masta silinda halifunguki, na breki hujikaza zenyewe kadiri joto linavyopanda. Gari la aina hii huanza safari vizuri, kisha likawa zito baada ya nusu saa. Likipumzika, likapoa, ugonjwa hutoweka, na mwenyewe hushindwa kumweleza fundi anachokilalamikia.

Skrubu ikifunguliwa na gurudumu likabaki limeshikwa vile vile, kasoro ni ya chuma. Vipini ambavyo kalipa huteleza juu yake vimekauka, au pistoni imeshika kutu, au, kwa magurudumu ya nyuma, waya wa breki ya mkono umekataa kurudi. Magari ya Mombasa, Kilifi na Malindi huathirika zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kadhalika gari lililoegeshwa wiki kadhaa za mvua breki ya mkono ikiwa imepandishwa.

Vipini vilivyokauka haviitaji pesa nyingi. Huchomolewa, vikasuguliwa hadi vikang'aa, na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi haifai, kwa kuwa huyeyuka na yaweza kuvimbisha mipira. Pistoni yenye kutu hutengenezwa kwa kubadilishiwa mipira yake ikiwa haijachimbika. Ikiwa imechimbika, kalipa inunuliwe. Pedi zilizoungua zibadilishwe katika magurudumu yote mawili ya mhimili huo, lasivyo gari litavuta upande mmoja.

Kuna kosa jingine linalotokana na kutaka kubana matumizi. Mafuta ya breki yakipungua, mtu huona chupa ya oili ya injini au ya usukani iko karibu, akaongezea humo. Mipira ya mfumo wa breki imeundwa kuvumilia mafuta ya breki pekee. Ikikutana na oili ya petroli huvimba kama maharagwe yaliyorowekwa, na baada ya muda breki zote hushika. Kuyamwaga mafuta hayo hakutoshi. Kila kipande cha mpira katika mfumo mzima, kuanzia masta silinda hadi magurudumu, hubidi kubadilishwa.

Hatari ya breki inayoshika haiishii kwenye petroli inayopotea. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita, na unyevu huo hushusha kiwango cha joto kinachoyachemsha. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya unyevu wa kiwango kinachotumiwa katika vipimo, kinga hiyo hushuka hadi 140. Ya DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Mguu wa dereva huzama hadi sakafuni na gari haliitiki.

Gari lililotoka Nairobi na breki moja ikishika hufika ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya Mai Mahiu, likiwa na gurudumu lenye moto tayari, na hapo ndipo mteremko unapoanza. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa. Breki ambazo zingemudu mteremko zikianza zikiwa baridi, zinaanza zikiwa nusu ya njia kuelekea kuchemka. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua kwenye chupa yake. Ushauri huu ni miongoni mwa yale yanayopuuzwa zaidi katika gereji zetu, ambako mafuta ya breki huongezwa tu.

Kwa malori na mabasi yanayotumia breki za upepo, mambo ni kinyume. Humo springi nzito ndizo zinazofunga breki za kuegeshea, na upepo ndio unaozifungua. Paipu ikivuja na shinikizo likashuka, springi huanza kubana taratibu lori likiwa mwendoni. Dereva hulisikia kuwa zito, hudhani ni shehena, naye huongeza mafuta. Gurudumu huanza kufuka moshi nyuma yake asikokuona. Geji ya upepo iliyo mbele yake humwonya mapema, akiitazama.

Yakiondolewa matairi na breki, kinachobaki kwenye magurudumu ni beringi, ambayo huvuma kwa sauti inayobadilika gari linapokata kona, na mpangilio wa magurudumu. Magurudumu ya mbele yasiyotazama upande mmoja huburutwa badala ya kubingiria. Ukipitisha kiganja juu ya tairi utahisi kingo zake zikiwa laini upande mmoja na kali upande wa pili, kama msumeno.

Injini inaponguruma gari lisisonge

Likiwa gari linaserereka vizuri, swali la pili ni hili: injini inapokanyagwa, mshale wa mizunguko unapanda sambamba na wa kasi? Mizunguko ikipanda na kasi ikabaki nyuma, hasa mlimani au wakati wa kulipita gari jingine, nguvu zipo ila zinapotelea njiani.

Kwa gari la gia za mkono, klachi ndiyo inayoshukiwa. Jaribio lake ni jepesi. Gari likiwa mahali wazi, breki ya mkono na ya mguu zikiwa zimeshika, dereva aingize gia ya juu na kuiachilia klachi polepole huku akiongeza mafuta kidogo tu. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribio hili hufanywa mara moja, si mara tano, kwa kuwa kila mara huiunguza klachi zaidi.

Sahani ya klachi, kifuniko chake na beringi ya kuachilia hubadilishwa kwa pamoja, maana kazi kubwa ni kuishusha giaboksi na hakuna haja ya kuishusha mara mbili. Ila fundi aangalie kwanza kama sahani ya zamani ina oili. Ikiwa nayo, sili ya nyuma ya injini inavuja, na klachi mpya itaharibika kama ya kwanza kabla ya sili hiyo kubadilishwa.

Magari ya otomatiki yanataka uangalifu zaidi. Oili ya giaboksi iliyo nzima kwa kawaida huwa nyangavu. Iliyogeuka hudhurungi ikinuka kuungua husimulia habari ya sahani zinazoteleza. Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika yana giaboksi za aina ya CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Giaboksi hizi hudai oili yake maalumu iliyotajwa na mtengenezaji. Ikitiwa oili ya kawaida ya otomatiki kwa hoja kwamba "oili ni oili", mkanda huanza kuteleza, na mara nyingi giaboksi nzima huishia kubadilishwa. Mwenye gari aione chupa kabla haijafunguliwa.

Hewa, mafuta na mwinuko

Baada ya hayo yote ndipo injini inapostahili kushtakiwa. Hata hivyo, kabla ya kuihukumu, inafaa kutazama gari lipo wapi. Injini huunguza mafuta kwa hewa, na hewa huwa hafifu kadiri ardhi inavyoinuka. Kwa kila mita 1,000, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Gari lililozoea Mombasa, lifikapo Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huwa limepungukiwa na yapata asilimia 15. Likipita Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, karibu robo ya nguvu haipo. Gari dogo la injini ya lita moja, lenye abiria watano na kipoza hewa kikinguruma, litajikokota huko pasipo kuwa na ugonjwa wowote. Kipoza hewa kikizimwa dereva ataona tofauti.

Kinachostahili kutiliwa shaka ni mabadiliko: gari lile lile, barabara ile ile, mzigo ule ule, lakini nguvu zimepungua.

Chujio la hewa hukaguliwa kwa kulielekeza kwenye mwanga. Kama mwanga haupenyi, nayo hewa inapenya kwa taabu. Katika barabara za vumbi chujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kulipuliza kwa upepo wa kompresa huweza kutoboa karatasi yake, na chujio lenye tundu ni baya kuliko lililoziba, kwa sababu hupitisha mchanga hadi ndani ya silinda.

Gari linalotulia vizuri likisimama, likaenda vyema kwenye tambarare, kisha likakata pumzi mlimani, mara nyingi lina njaa ya mafuta. Chujio la mafuta limeziba au pampu imechoka, na shinikizo lipimwe kwa geji kabla ya pampu kununuliwa. Mafuta yenyewe nayo yashukiwe. Uchanganyaji wa mafuta taa na dizeli au petroli ulishamiri humu nchini kiasi cha serikali kuanzisha, mwaka 2018, ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Petroli iliyotiwa mafuta taa huifanya injini igonge na kuacha masizi. Dizeli iliyotiwa mafuta taa hupunguza ulainisho na kuila pampu. Ikiwa gari liliugua mara tu baada ya kujazwa mafuta mahali fulani, tangi limwagwe kwanza.

Gari linalotetemeka na kurukaruka linapokanyagwa lina silinda isiyowaka. Magari mengi ya lita moja yana silinda tatu tu, hivyo moja ikilala theluthi ya nguvu imekwenda. Kwa injini zenye koili kwa kila plagi kuna njia ya kuchunguza isiyogharimu hata senti: koili ya silinda inayoshukiwa ihamishwe hadi silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, tazama plagi, kisha kinyunyizio cha mafuta.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, huenda kompyuta ya gari imeamua kuipunguzia injini nguvu kwa makusudi ili isiharibike zaidi. Mafundi wengi sasa wana kifaa cha kusoma misimbo ya kompyuta hiyo, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kudhani kwamba msimbo hutaja kipuri cha kununua. Msimbo P0171, kwa mfano, husema tu kwamba mafuta ni machache yakilinganishwa na hewa. Chanzo chaweza kuwa paipu ya hewa iliyopasuka, sensa ya hewa yenye uchafu au pampu dhaifu. Fundi anayeusoma na kuagiza sensa ya oksijeni mara moja hajafanya uchunguzi wowote.

Kuna pia injini inayovuta pumzi isiweze kuitoa. Kisafishaji cha moshi, kile ambacho mafundi hukiita katalisti, kikiziba, gari huanza vizuri, kisha hugoma kupita kasi fulani hata likikanyagwa hadi sakafuni. Shinikizo lililonaswa hupimwa kwa kufungua sensa ya oksijeni iliyo kabla yake na kufunga geji mahali pake. Katalisti kwa kawaida haizibi yenyewe. Huzibwa na mafuta yasiyowaka kutoka silinda iliyolala, au na oili inayounguzwa na injini iliyochakaa. Mpya ikifungwa chanzo kikiwa hakijaondolewa, itafuata njia ya ile ya zamani. Wapo wanaoitoboa na kuiacha tupu. Moshi mbaya huwafikia watu wengine barabarani, na taa ya injini huenda isizimike tena.

Rangi ya moshi husaidia. Mweusi ni mafuta mengi au hewa haba, wa samawati ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Hayo mawili ya mwisho yakionekana, kipimo cha kompresheni kifanywe kabla ya senti yoyote kutumika kwingine. Kwa dizeli yenye turbo, mtu asikilize mluzi au mfoko wa hewa pindi anapokanyaga: paipu iliyochomoka huondoa nguvu kwa ghafla, na kuirudisha ni kazi ya bisibisi na klipu.

Anayempelekea fundi gari la namna hii amweleze ugonjwa, asimtajie kipuri. Aeleze kama uzito huja gari likiwa baridi au moto, mlimani au popote, na kama liliserereka vyema kwenye nyutro. Aombe kuonyeshwa kilichong'olewa. Na matengenezo yakiisha, kabla ya safari ndefu, gari lirudishwe kwenye barabara ile ile tambarare, liendeshwe zile kilomita 10, na kiganja kipitishwe tena karibu na rimu zote nne.